TV smati ama stiki? Angalia nyuma ya TV yako kabla hujachukua mkopo

Mwisho wa mwezi mteja wetu mmoja wa Kayole alitupigia simu akiwa amesimama ndani ya duka la vifaa vya umeme. Alikuwa ameona TV smati ya inchi 43, bei ya ofa, na ofa inaisha jioni hiyo hiyo. Kwenye akaunti alikuwa na shilingi elfu 9. Alichotaka kujua ni kama kiwango chake cha mkopo kinaweza kuongezwa ili ajazie. "Watoto wamefunga shule, wanataka katuni za YouTube," alisema, "na TV yangu ni ya zamani, haina mambo ya intaneti."

Kabla ya kuzungumzia mkopo tulimuuliza swali moja: hiyo TV ya zamani, nyuma yake kuna mahali pa kuchomeka waya wa HDMI? Hakujua. Tukamwomba arudi nyumbani aangalie, halafu atupigie tena.

Swali hilo ndilo tungependa kila mtu wa Dandora, Umoja, Donholm ama Pipeline ajiulize kabla ya kutoa deposit. Kama TV yako inaonyesha picha vizuri na ina HDMI, unachokosa si TV. Unachokosa ni ule ubongo wa intaneti, na huo unauzwa peke yake: stiki, yaani kile kifaa kidogo kama flashi kinachochomekwa kwenye TV, ama boksi dogo linalofanya kazi hiyo hiyo.

Sisi wa Nairobi tulishapitia jambo kama hili. Februari 2015, wakati wa kuhama kutoka analogi kwenda dijitali, NTV, KTN na Citizen zilipotea hewani kwa karibu wiki 3. Watu walilalamika sana, lakini hawakutupa TV zao. Walinunua dekoda, wakaichomeka, na hata zile TV za mgongo mkubwa zikaendelea kutazamwa. Stiki ni mambo yale yale ya dekoda, ila sasa ni ya intaneti.

Sababu ya pili ni umri. Kioo cha TV kikitunzwa kinaweza kukaa miaka mingi, lakini programu zilizo ndani yake huzeeka haraka. Mwaka 2015 YouTube iliacha kufunguka kwenye TV nyingi za 2012 na kurudi nyuma. Tarehe 1 Desemba 2019 Netflix nayo iliacha baadhi ya TV za zamani za Samsung. TV bado nzima, rimoti bado inafanya kazi, lakini ile "smati" imekufa. Stiki nazo si za milele. Machi 2025, Chromecast za kizazi cha pili zilikwama kwa siku kadhaa duniani kote, kisa cheti cha usalama kilichoisha muda. Lakini stiki ikizeeka unabadilisha stiki tu, hubadilishi kioo.

Hapa ndipo wanunuzi wa TV za ex-UK wanapoumia. Mwenzetu mmoja wa hapa ofisini, anayekaa Umoja, alinunua ex-UK kubwa, picha safi ajabu, muuzaji akaapa kwamba ni smati. Kweli ilikuwa smati, miaka kumi iliyopita. YouTube inafunguka, inazunguka, inajifunga. Si kwamba ex-UK ni mbaya, hapana. Kioo kizuri kwa bei nafuu ni jambo jema. Ila hesabu bei yake kama TV ya kawaida na uweke kando pesa ya stiki. Muuzaji akikudai zaidi kwa sababu ya hiyo "smati", mwambie aifungue YouTube hapo hapo.

Basi nani anunue TV smati? Asiye na TV kabisa. Ama mwenye TV iliyo na zile tundu tatu tu za rangi nyekundu, nyeupe na njano, kwa sababu stiki haiingii hapo. Ama mwenye TV ambayo imeanza kuleta mistari. Kwa nyumba ya shosho ambaye hataki rimoti mbili, smati pia ina maana. Na kama unanunua mpya, tazama kama kwenye katoni imeandikwa DVB-T2, ndiyo ushike chaneli za bure kwa antena bila dekoda. Tazama pia ukubwa wa memori. TV nyingi za bei ya chini zina RAM ya GB 1 na nafasi ya GB 8, na ukishaweka programu tatu nne inaanza kuburuta miguu.

Sasa pesa. Tuchukue mfano. TV ni shilingi 24,000 ukilipa taslimu. Kwa lipa pole pole unaambiwa deposit ni 6,000, halafu shilingi mia kwa siku kwa siku 300. Shilingi mia inaonekana kidogo, ni chini ya nauli ya kwenda na kurudi tao. Lakini mia mara 300 ni 30,000, ukijumlisha deposit ni 36,000. Umelipa 12,000 zaidi ya bei ya taslimu. Kama intaneti ya nyumbani unailipa 1,500 kwa mwezi, hiyo 12,000 ni intaneti ya miezi 8. Hatusemi usinunue kwa mkopo. Tunasema uliza jumla. Muuzaji akikataa kukuambia jumla, na akarudia tu "ni mia tu kwa siku", toka.

Na intaneti yenyewe ndiyo gharama ambayo watu husahau wakiwa dukani. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya kawaida hula mpaka GB 1, picha ya HD mpaka GB 3, na 4K mpaka GB 7. Ukitazama saa mbili kila siku kwa picha ya kawaida, mwezi unaisha na GB 60. Hakuna bando ya simu ya bei ya kawaida inayobeba hiyo. Kwa hivyo kama nyumbani unatumia hotspoti ya simu, TV smati itakaa pale ikionyesha chaneli za kawaida tu, na deni liko pale pale. Wengi wa mitaa yetu wana ule waya wa intaneti unaotoka balcony moja hadi nyingine, wa Mbps 5 hivi. Huo unatosha picha ya HD mtu mmoja akitazama. Kwa 4K, Netflix wanataka Mbps 15, kwa hivyo usilipie 4K kwa sababu ya jina tu kama waya wako ni huo.

Jambo moja tunaomba ulisome mara mbili. Si kila boksi ni salama. Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani, yakiwemo maboksi ya TV ya bei rahisi, vilivyokuwa na programu mbaya ndani yake. Vingine viliingizwa hiyo programu kabla hata havijauzwa, vingine wakati mwenye kifaa anapakua programu za kuanzia. Boksi la aina hiyo linaonyesha filamu kama kawaida, huku wahalifu wakitumia intaneti ya nyumba yako kufanyia mambo yao. Dalili ni hizi: jina la kampuni hujawahi kulisikia popote, limetangazwa kwamba lina mpira na sinema zote bure, na wakati wa kuliwasha linakuambia uzime ulinzi wa Google Play Protect. Likikuambia hivyo, lirudishe. Na usiingize kadi yako ya malipo wala akaunti yako ya barua pepe kwenye kifaa kama hicho, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua vitu vingine vyote.

Ndugu yake ni yule kijana anayeuza "mpira wa mwaka mzima" kwa 1,500, unatuma kwa namba yake binafsi, anakuwekea programu. Inafanya kazi wiki mbili, mwezi, halafu inazimika na simu yake haishiki. Tunapokea malalamiko ya namna hii, na jibu letu huwa chungu: kurudisha muamala kuliwekwa kwa ajili ya pesa iliyoenda namba isiyo sahihi. Pesa uliyotuma mwenyewe, kwa mtu uliyemkusudia, na ameshaitoa, hatuwezi kuirudisha kwa sababu tu hukupata ulicholipia.

Kwa hivyo dukani, iwe ni Luthuli Avenue ama hapo mtaani, pesa iwe kitu cha mwisho. Mwambie muuzaji awashe kifaa, washa hotspoti ya simu yako, fungua YouTube na Netflix ukiona kwa macho yako. Maboksi mengi yasiyoidhinishwa hukwama hapo kwenye Netflix. Jaribu rimoti, jaribu sauti. Ukiridhika, lipa kwa namba ya Till, na usome jina la duka linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kijana aliyekutoa barabarani kukuleta dukani hata akiwa mpole namna gani, pesa haiendi kwa namba yake. Dai risiti iliyoandikwa ile namba ya kifaa iliyo nyuma yake, na usifute meseji ya malipo mpaka waranti iishe. Na kwa vile stima zetu tunazijua, TV guard si mapambo.

Mteja wetu wa Kayole alipiga simu tena saa moja jioni. HDMI zilikuwa mbili, moja haijawahi kuguswa. Siku iliyofuata alinunua stiki yenye jina linalojulikana, akabaki na pesa ya kulipia intaneti ya mwezi wa kwanza. Alitupigia mara ya tatu kwa sababu ilikuwa inajizima kila baada ya dakika kumi. Alikuwa ameichomeka moto kwenye USB ya TV, na TV nyingi za zamani hazitoi nguvu ya kutosha hapo. Inataka chaja yake yenyewe ukutani. Ukuta ulikuwa umejaa, dekoda na TV guard zimeshika soketi zote mbili, basi akaenda kutafuta ekstensheni.