Diski ya SSD kwenye kompyuta kuukuu: ipi faida, ipi hasara

Mfanyabiashara anayetunza hesabu kwenye kompyuta kuukuu huweza kuiongezea kasi kwa kuiwekea diski ya SSD. Hata hivyo, faida hiyo hutegemea mfumo endeshi uliomo.

Diski hiyo haiwezi kuandika juu ya data ya zamani. Sharti kwanza ifute eneo zima. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, huijulisha diski mafaili yaliyofutwa kwa amri iitwayo TRIM. Windows XP ya mwaka 2001 haina amri hiyo. Matokeo yake, diski huendelea kuhamisha data isiyotakiwa. Kasi hupungua na uchakavu huongezeka.

Asiyeweza kuiacha XP kwa sababu ya programu yake ya hesabu aache sehemu ya diski wazi tangu mwanzo. Pia asiendeshe kazi ya kupanga upya mafaili, ambayo kwenye SSD huchakaza bila faida ya maana.

Aidha, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa XP mwaka 2014, na kwa Windows 7 mwaka 2020. Ni salama zaidi kompyuta hizo zisiunganishwe na intaneti, na nakala ya hesabu iwekwe nje kila jioni. SSD huweza kufa bila dalili. Diski hununuliwa nyingine. Daftari la wadeni likipotea, halinunuliki.