Kompyuta: Namna ya kupunguza maulizo ya ruhusa bila kuzima ulinzi wote

Yeyote anayetumia kompyuta ya Windows katika miji yetu analijua dirisha hilo. Unabofya programu mara mbili, skrini inaingia giza, na katikati linatokea swali: « Voulez-vous autoriser cette application à apporter des modifications à votre appareil ? » Chini yake kuna vifungo viwili, « Oui » na « Non ». Katika vyumba vya kuchapa barua na kutoa fotokopi, iwe Lubumbashi, Bukavu ao Kisangani, kijana anayekaa kwenye mashini anabofya « Oui » kabla hajasoma, maana nyuma yake kuna wateja wanne wanaongoja. Wengine wamechoka zaidi, wamemwomba fundi alizime swali hilo moja kwa moja.

Fundi analizima kwa dakika moja, na kwa kawaida haelezi amezima nini.

Hebu tuangalie kwanza kilicho ndani ya mashini hiyo. Kuna picha za kadi za mpigakura, ambazo kwa Wakongomani wengi ndizo kitambulisho cha kila siku. Kuna diploma, barua za kuomba kazi, mikataba ya kununua parseli, hesabu za duka. Na kila mteja anakuja na flashi yake, ambayo asubuhi ilikuwa kwenye kompyuta nyingine, na jana kwenye nyingine tena. Anayeamua swali lile lisiulizwe tena anaamua kwa niaba ya watu wote hao, wala wao hawajui.

Swali lenyewe linatoka wapi? Zamani, katika Windows XP, watu wengi walifanya kazi kutwa nzima wakiwa na mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta. Programu yoyote waliyoifungua ilipata mamlaka hayo hayo, iwe ya kuandika barua ao kirusi kilichoingia na flashi. Mwaka 2007, Microsoft ilipotoa Windows Vista kwa watu wote, ilileta kitu ambacho kwa Kifaransa kinaitwa « Contrôle de compte d'utilisateur », na ambacho mafundi wanakiita UAC. Tangu hapo, hata kama akaunti yako ni ya msimamizi, programu unazofungua zinafanya kazi na mamlaka madogo. Ikitokea moja inataka kugusa mambo ya mfumo, kwa mfano kujisakinisha kwa watumiaji wote ao kuingiza kiendeshi cha printa, inabidi ibishe hodi. Ni kazi ya sentineli wa lango: wanaoishi ndani wanazunguka uani bila kuulizwa, lakini anayetaka ufunguo wa ghala anapelekwa kwa mwenye nyumba.

Vista ilichekwa sana kwa ajili ya maulizo hayo. Apple ilifanya hata tangazo la televisheni la kuyadhihaki. Lakini mwaka 2008, katika mkutano wa usalama wa kompyuta mjini San Francisco, David Cross wa Microsoft alisema waziwazi kwamba kero ile iliwekwa kwa makusudi: watumiaji wakikasirika, watengenezaji wa programu watalazimika kuacha kudai mamlaka makubwa wasiyoyahitaji. Mtu anaweza kuona ni ujanja wa ajabu, kumpigia kelele mteja ili jirani asikie. Hata hivyo ndani yake kuna jambo la kushika: programu inayouliza kila siku, mara nyingi ni programu iliyotengenezwa vibaya, ao iliyosakinishwa vibaya. Ugonjwa huo ndio wa kutibu kwanza.

Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilileta ngazi nne za maulizo, na ngazi hizo zipo hadi leo katika Windows 10 na 11. Andika « UAC » kwenye sehemu ya kutafuta, utaona kitelezi kinachopanda na kushuka. Juu kabisa, kompyuta inauliza kila mara. Ya pili kutoka juu ndiyo ya kawaida: inauliza programu inapotaka kubadili mfumo, lakini haikuulizi wewe mwenyewe unapobadili mipangilio ya Windows. Ya tatu inafanana na ya pili, ila skrini haiingii giza. Ya chini kabisa ni « Ne jamais m'avertir ».

Watu wenye mashini za zamani wanaipenda ngazi ya tatu, kwa sababu lile giza linachelewesha. Lakini giza si pambo. Wakati huo Windows inakuhamishia kwenye skrini ya pembeni ambako programu nyingine haziwezi kuandika wala kubofya kitu. Bila giza, programu mbaya inaweza kujaribu kuchezea dirisha lile lile unalojibu. Kama mashini inachelewa kweli hata kazi inakwama, ngazi ya tatu ni afadhali kuliko kuzima, lakini isiwe chaguo la kwanza.

Ngazi ya chini ndiyo fundi anayoichagua mkiharakishana. Kwenye akunti ya msimamizi, katika Windows 10 na 11, maana yake si kwamba programu haziombi tena mamlaka. Zinaomba, na zinapewa papo hapo, kimya kimya. Chukua virusi vinavyofunga mafaili na kudai malipo. Vingi kati yavyo vinaanza kwa kufuta nakala za akiba ambazo Windows huzihifadhi yenyewe, na kazi hiyo inahitaji mamlaka ya msimamizi. Pale swali linapoulizwa, kuna nafasi ya kukataa. Pale lilipozimwa, nakala zinafutwa mwenye duka akiwa anakunywa chai. Tuseme ukweli wote: hata ukijibu « Non », kirusi cha namna hiyo bado kinaweza kuharibu mafaili yako mwenyewe, maana hayo yako ndani ya uwezo wako wa kawaida. Sentineli halindi kila kitu, na nakala kwenye diski ya nje inabaki ya lazima.

Sasa tuje kwenye lalamiko la haki. Mama mwenye depo ana programu ya hesabu aliyoinunua miaka mingi iliyopita. Anaifahamu, anaiamini, na kila asubuhi inamuuliza swali lile lile. Kwa nini asisumbuliwe kidogo?

Windows haina orodha rahisi ya « programu ninazoziamini » kwa ajili ya UAC, na hilo linawashangaza wengi. Lakini kuna njia kadhaa, na ya kwanza ni rahisi hata kuchekesha. Bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya programu, ingia « Propriétés », kisha « Compatibilité ». Mara nyingi utakuta mtu aliwahi kuweka tiki kwenye « Exécuter ce programme en tant qu'administrateur », pengine siku programu ilipokataa kufunguka. Ondoa tiki, jaribu. Kama programu inafanya kazi vizuri, haikuwa na haja ya kuuliza tangu mwanzo.

Lakini kabla ya kuondoa tiki kwenye programu ya zamani inayotunza hesabu, tengeneza nakala ya data na usome aya hii mara mbili. Programu nyingi za miaka ile zilizoea kuandika data zao ndani ya folda ya « Program Files », kando ya programu yenyewe. Siku hizi kuandika humo kunahitaji mamlaka ya msimamizi. Windows, ili isizivunje programu hizo, inazidanganya: zikifunguliwa bila mamlaka, inachukua kile zinachoandika na kukiweka kwa siri kwenye folda ya mtumiaji inayoitwa VirtualStore, ndani ya AppData, kisha Local. Matokeo yake ni kwamba unaweza kuwa na daftari mbili bila kujua. Ukiifungua programu kama msimamizi, unaona daftari moja. Ukiifungua kwa kawaida, unaona nyingine. Mtu anafungua asubuhi, anakuta mauzo ya wiki tatu hayapo, anaanza kumshuku mfanyakazi. Mauzo yapo, ila yako kwenye folda nyingine. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, angalia VirtualStore.

Dawa ya kweli ya programu hiyo ni kuhamisha data. Nyingi zina mahali pa kuchagua folda ya kazi. Ichague nje ya « Program Files », kwa mfano folda uliyoitengeneza ndani ya « Documents ». Zingine zina toleo jipya ambalo haliombi tena mamlaka. Ukiacha swali hapo likafa lenyewe, umefanya vizuri kuliko ujanja wowote.

Zinabaki programu chache ambazo zinahitaji mamlaka kwa haki, kwa mfano zile za kuchunguza diski ao za kuongoza kifaa fulani. Kwa hizo, mafundi wanatumia « Planificateur de tâches », iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Unatengeneza kazi mpya, unaipa jina fupi, tuseme Depo, unaweka tiki kwenye « Exécuter avec les autorisations maximales », na kwenye « Actions » unaonyesha programu yako. Kisha unatengeneza njia ya mkato mezani yenye maneno haya: schtasks /run /tn "Depo". Siku hiyo unajibu « Oui » mara moja, na kuanzia hapo programu ile peke yake inafunguka bila swali. Nyingine zote bado zinabisha hodi.

Kwa sisi wa umeme wa kukatika kuna mtego hapa. Kwa kawaida kazi ya namna hiyo imewekewa sharti kwamba kompyuta iwe imechomekwa kwenye umeme. Mashini ikiwa kwenye betri, njia yako ya mkato haitafungua kitu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, Windows inaweza kuifunga programu hata kama betri imejaa. Ingia kwenye « Conditions » uondoe tiki hizo mbili za umeme.

Mtego wa pili ni mzito zaidi. Kazi uliyoitengeneza haitazami sura ya programu, inatazama mahali ilipo. Kama faili la programu liko mezani ao kwenye « Téléchargements », kirusi chochote kinaweza kuliondoa na kujiweka mahali pake kwa jina lile lile, na kesho utakifungulia wewe mwenyewe, bila swali, na mamlaka yote. Kwa hiyo njia hii ni kwa programu iliyo ndani ya « Program Files » tu, ambako huwezi kubadili kitu bila ruhusa.

Na tunajuaje kwamba programu inastahili kuaminiwa? Dirisha la swali linasaidia kidogo. Likiwa na rangi ya buluu na maneno « Éditeur vérifié », maana yake mtengenezaji ametia saini, na saini imekubaliwa. Likiwa la manjano na « Éditeur : Inconnu », hakuna saini inayoweza kuthibitishwa. Rangi pekee haitoshi. 7-Zip, programu nzuri ya kufungua mafaili yaliyobanwa, kwa miaka mingi imetolewa bila saini. Na mwaka 2017, toleo 5.33 la CCleaner lilikuwa na saini halali kabisa, lakini wadukuzi walikuwa wamepenyeza kirusi ndani yake kabla halijatolewa. Watu zaidi ya milioni 2 walilipokea. Swali la maana kuliko rangi ni: nimeitoa wapi? Ile iliyotoka kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe haifanani na ile iliyokuja kwenye flashi ya rafiki. Na zile za kraki, kama vijana wanavyoziita, mara nyingi zinakuja na maagizo: zima antivirusi kwanza, kisha bonyeza « Oui ». Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, ungemfungulia?

Kwa mashini inayotumiwa na watu wengi, kuna mpango mwingine unaozidi yote hayo. Tengeneza akaunti mbili: moja ya msimamizi yenye neno la siri, inayoshikwa na mwenye duka, na nyingine ya kawaida kwa kazi ya kila siku. Kwenye akaunti ya kawaida, swali halina tena « Oui » ya haraka. Linadai neno la siri la msimamizi. Kijana wa mashini atalazimika kupiga simu: « Mama patron, kuna kitu kinaomba ruhusa. » Na Mama patron atauliza ni kitu gani. Ujanja wa « Planificateur » hautafanya kazi kwa namna ile ile hapo, maana akaunti ya kawaida haina mamlaka makubwa ya kuazimisha, ndiyo sababu inafaa kutibu kwanza zile programu zinazouliza bure. Zikipungua, simu kwa Mama patron zitakuwa chache.

Na swali likitokea wakati hukufungua kitu, unaandika barua tu, ao umechomeka flashi ya mteja sekunde mbili zilizopita, jibu ni « Non ». Kama ni programu ya haki, kwa mfano moja inayotaka kujisasisha, itauliza tena siku nyingine. Kabla ya kubofya, andika pembeni jina linaloonekana kwenye dirisha pamoja na mahali faili lilipo. Mahali panaonekana ukifungua « Afficher plus de détails ». Fundi ataanzia hapo.