Kibali ni cha Jengo, Jukwaa ni la Nani?

Pita Goba au Mbezi, Dar es Salaam, siku yoyote ya kazi, hukosi kuona ghorofa inayopanda ikiwa imezungukwa na mirunda. Getini kuna kibao chenye jina la mkandarasi, la mshauri, na namba ya kibali cha ujenzi. Michoro imepita kwa wakaguzi na kugongwa mihuri. Lakini jukwaa alilosimama fundi anayepiga plasta ghorofa ya tatu halimo kwenye mchoro wowote. Vijana wawili walilifunga juzi, kesho linahamishwa.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka eneo la kazi lisajiliwe kwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na zipo kanuni mahsusi za ujenzi za 2015. Tabu ni kwamba karatasi hukaguliwa mara moja, ilhali jukwaa hubadilika kila wiki.

Lisogelee ulitazame. Mrunda umesimama juu ya kifusi, hauna hata kipande cha ubao chini. Mti wa kulala umechomekwa kwenye tundu lililoachwa ukutani, juu yake mabanzi. Kinachoshikilia vyote ni misumari na kamba. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea, kwa hiyo fundo la asubuhi ya mvua si lile la mchana wa jua. Kwa kulinganisha, nchini Uingereza kanuni za 2005 za kazi za juu zinataka jukwaa la ujenzi ambalo mtu aweza kuanguka kutoka juu yake mita 2 au zaidi liwe limekaguliwa ndani ya siku 7 zilizopita, pale pale lilipo. Miradi mikubwa huning'iniza kadi penye ngazi: ya kijani, panda, nyekundu, hapandi mtu. Kwangu mimi, kadi hiyo ina uzito kuliko mihuri yote ya getini.

Saidia fundi mwenye karai begani hana ubavu wa kukataa kupanda. Wanaosubiri kibarua chake wako nje. Ataambiwa avae mkanda. Sawa, aufunge wapi, kwenye mrunda uleule?

Kiini ni fedha. Katika makadirio, jukwaa mara nyingi hutupwa kwenye gharama za awali, pamoja na uzio na kibanda cha mlinzi, kwa bei moja ya jumla. Mkandarasi akileta vyuma, au mirunda iliyochakazwa na majengo mengine, malipo ni yaleyale. Mwenye jengo anayetaka vyuma, vizuizi vya pembeni na mkaguzi wa jukwaa, aviandike kwenye mkataba kabla ya kusaini, kila kimoja na bei yake.