Bia Iliyopata Ukungu katika Jokofu: Je, Imeharibika?



Katika kukagua vitabu vya chama kimoja nilikuta kreti nne za bia ya shayiri, iliyopikwa nyumbani na mwanachama mwenye leseni, zimeandikwa hasara. Sababu iliyotajwa ilikuwa moja tu: bia ilipokelewa ikiwa safi, lakini ilipolala katika jokofu la duka ikawa kama maji yaliyooshea mchele. Mpikaji hakulipwa. Kwa bahati njema kreti zilikuwa bado hazijamwagwa. Niliomba chupa moja iwekwe mezani, na kabla sijamaliza kupitia hati za malipo ilikuwa imeanza kung'aa tena.

Yafaa basi tuelewe ukungu huo hutoka wapi. Shayiri ina protini. Maganda yake, pamoja na maua ya hopsi yatiayo uchungu, yana tanini, yaani kile kikazacho ulimi mtu anapotafuna ndizi mbichi au bibo. Vyote viwili hutoka chunguni vikaingia katika bia, na bia ikiwa na joto la kawaida hukaa humo vimeyeyuka. Ikipozwa kufikia karibu nyuzi 0 hadi 5 za Sentigredi, protini na tanini hushikana zikawa chembe ndogo mno, ambazo hazionekani moja moja lakini kwa wingi wake hutawanya mwanga. Mshikamano huo ni dhaifu. Joto likipanda kufikia nyuzi 20 hivi, huachana. Ukungu huu haumdhuru mnywaji. Wanywaji wa mbege watacheka, kwani pombe yao ya ndizi na ulezi ni nzito kwa asili yake na hakuna aidaiye kung'aa.

Hata hivyo, bia ikipozwa na kupata joto mara nyingi, au hewa ikiingia wakati wa kujaza chupa, mshikamano hukaza na ukungu haundoki tena. Kwa hiyo si vema duka kuzima jokofu kila jioni kwa kubana matumizi ya umeme.

Wala si kila ukungu hauna hatia. Chupa ikitikiswa, hamira iliyotuama chini hupanda. Hiyo iachwe wima itulie. Wanga ambao haukugeuka sukari nao huleta utusitusi, na tone la madini joto ya dukani, yaani ayodini, hulitia tone la bia hiyo rangi ya buluu nyeusi. Lakini bia ibakiyo na ukungu baada ya kupata joto, ikanuka siki, au ikaruka kwa nguvu ifunguliwapo, hiyo imeingiwa na vijidudu na isiuzwe.

Mpikaji anaweza kupunguza ukungu wa baridi. Achemshe maji ya kimea kwa nguvu muda wa saa moja, ayapoze upesi ili protini igande na kutuama, na asisuuze kimea kwa maji yanayokaribia kuchemka, kwa maana hayo huvuta tanini nyingi ya maganda. Bia iliyokwisha kuchacha ilazwe kwenye baridi siku kadhaa, kisha itolewe juu ya mashapo ingali baridi. Wapikaji wa Ulaya hutia mwani mwekundu mwishoni mwa kuchemsha. Mwani wa kotonii unaolimwa Zanzibar una utomvu wa jamii hiyo hiyo. Viwandani ilitumika pia papaini, itokayo katika utomvu wa papai bichi, ambayo hukatakata protini. Njia hiyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1911, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza papaini ng'ambo. Hata hivyo sishauri mtu kukamulia papai pipani mwake, kwa sababu kipimo hakijulikani na povu la bia hupotea.

Kwa upande wa vitabu, katibu asiandike hasara kabla chupa hazijakaa nje ya jokofu siku nzima, na mpikaji aitwe ashuhudie. Zile kreti nne zilirudishwa katika hesabu ya mali, isipokuwa chupa mbili zilizonuka siki. Hizo zilimwagwa, na hati ya kumwaga ikatiwa sahihi na mpikaji mwenyewe.

Mkaguzi wa Ushirika