Mbegu Haiwekwi Ghala Moja na Chakula: Kufundisha Hifadhi ya Faili za Kompyuta

Mwalimu wa shule ya msingi hutunza leo ndani ya kompyuta kazi ambazo zamani zilijaza makabati: majina ya wanafunzi, alama za mitihani, maandalio ya masomo. Kazi hizo zaweza kupotea kwa muda wa saa moja. Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo jinsi programu za kudai fidia zinavyodhuru faili, na jinsi ya kulifundisha jambo hilo hata katika darasa lisilo na kompyuta.

Maana na chanzo chake

Programu ya kudai fidia huingia kwa hila, hugeuza yaliyomo katika faili kuwa fumbo lisilosomeka, kisha humtaka mwenyewe alipe fedha ili apewe ufunguo wa kulifumbua. Faili zimo mle mle, lakini hazina faida tena.

Hila hii ilionekana mara ya kwanza mwezi Desemba 1989. Diski zipatazo 20,000, zilizodaiwa kuwa na maelezo ya UKIMWI, zilitumwa kwa posta kutoka London. Kompyuta ilipokwisha kuwashwa mara 90 hivi, programu ilificha na kuvuruga majina ya faili, ikadai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kuchunguza nyani nchini Kenya. Mahakama ya Uingereza ilimwona hana afya ya akili ya kusimama kizimbani. Fumbo lake lilikuwa jepesi, na dawa ilipatikana upesi. Waliofuta diski zao kwa hofu walipoteza kazi ambazo zingeweza kuokolewa.

Mafumbo ya siku hizi si mepesi. Tarehe 12 Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Hata hivyo, kiraka cha kuziba tundu iliyopitia kilikuwa kimetolewa tangu mwezi Machi mwaka ule ule. Walioathirika wengi ni wale ambao hawakukiweka.

Hasara yenyewe haipimwi kwa fedha tu. Katika bonde la Kilombero, watafiti wa Ifakara walianza mwaka 1996 kuandika vizazi na vifo vya kaya hadi kaya. Kumbukumbu ya namna hiyo ikipotea, hakuna awezaye kurudi katika mwaka uliopita akaiandike upya. Vivyo hivyo kwa alama za mtoto aliyekwisha kuhama shule.

Somo lenyewe (Darasa la 5 na kuendelea)

Zana: karatasi, penseli na bahasha.

Hatua ya 1. Mwalimu aulize: kwa nini mkulima wa mpunga huitenga mbegu mbali na chakula? Watoto wenyewe watataja njaa, panya, moto na mafuriko. Majibu yaandikwe ubaoni.

Hatua ya 2. Makundi matatu yaandike orodha ya alama kumi. Kundi A lisiwe na nakala. Kundi B liweke nakala juu ya meza ile ile. Kundi C litie nakala katika bahasha na kuipeleka ofisini.

Hatua ya 3. Mwanafunzi mmoja awe “mvamizi”. Achukue kila karatasi iliyo mezani na kuiandika upya kwa fumbo, kila herufi ikisogezwa mbele nafasi tatu: MPUNGA iwe PSXQJD. Karatasi za asili azifungie.

Hatua ya 4. Makundi yatakiwe kusoma alama zao. Ni kundi C tu litakalosoma mara moja. Kundi B litajifunza kwamba nakala iliyounganishwa na kazi ya asili huangamia pamoja nayo. Mtoto mwerevu akilifumbua fumbo, asifiwe. Lakini aelezwe kwamba ufunguo wa kweli ni mrefu mno kubahatishwa.

Kinga na tiba

Kutokana na somo hili, mwalimu azingatie kanuni hizi: nakala ziwe mbili au zaidi, na mojawapo ikae nje ya jengo, isiyounganishwa na kompyuta yoyote, flashi ya mgeni isichomekwe ovyo, barua isiyotarajiwa isifunguliwe kiambatisho, viraka vya programu viwekwe mara vitolewapo.

Ajali ikitokea, hapana budi kutulia. Kwanza, kata mtandao na chomoa vyombo vyote. Pili, upige picha ujumbe wa wadai. Tatu, mwarifu mwalimu mkuu na polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahusika. Nne, usikimbilie kulipa, kwani malipo hayana dhamana, wala usifute faili: mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni ya kinga, hutoa bure funguo za baadhi ya mafumbo. Mwisho, fundi aisafishe kompyuta kabisa kabla ya kurudisha nakala. Anayechomeka flashi ya akiba katika kompyuta ingali na ugonjwa ameipeleka mbegu yake ya mwisho kwa panya.

Zoezi kwa wanachuo

1. Taja faili tatu za shule ambazo haziwezi kuandikwa upya. Nakala zake ziko wapi?
2. Andaa somo la dakika 40 kwa kufuata hatua zilizo hapo juu.