Kuharakisha kompyuta ya michezo: angalia joto na umeme kwanza

Kijana ananunua vipande kimoja kimoja, mwezi huu karte-mere, mwezi ujao prosesa, mpaka siku kompyuta inasimama juu ya meza. Anafungua mchezo, unakwama-kwama. Rafiki anamwambia: "Harakisha prosesa, ni bure." Kweli, dukani hautalipa kitu. Lakini ukikosea, zile pesa za miezi yote zinaweza kupotea.

Tueleze kidogo. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo. Gigahetzi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Kiwanda kinaweka mbio ambayo kila prosesa ya aina ile itaiweza, kwa hiyo nyingine zinabaki na akiba ya nguvu. Kuharakisha ni kutumia ile akiba. Mwaka 1998, Celeron 300A ya Intel iliuzwa kwa megahetzi 300, na watu wengi waliifikisha 450. Leo faida ni ndogo zaidi, juu prosesa za sasa zinapanda zenyewe.

Tuchukue Ryzen 5 1600 ya AMD, iliyotoka 2017. Inaanzia gigahetzi 3,2 na inaweza kupanda yenyewe mpaka 3,6. Wengi waliifikisha karibu 3,8. Lakini si kila karte-mere inakubali: B350 na B450 zinaruhusu, A320 hapana. Kwa Intel, kawaida unatafuta prosesa yenye herufi K na karte-mere ya aina ya Z.

Joto linatoka wapi? Mbio ikipanda, prosesa inadai voltaji zaidi. Ukiongeza voltaji 10 kwa mia, umeme inaokula unapanda karibu 21 kwa mia. Ukiongeza na mbio 10 kwa mia, inafika karibu 33. Umeme huo wote unageuka joto. Tena Goma na Bukavu ziko karibu mita 1.500 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, feni inaondoa joto kidogo kuliko kule chini. Ongeza vumbi la barabara za lava, utaelewa juu ya nini kazi ya kwanza ni kusafisha feni.

Kiisha, fuata hatua hizi bila haraka:

1. Weka programu ya HWiNFO, inaonyesha joto. Endesha Prime95 nusu saa. Kama joto linapita digrii 80 na bado haujagusa kitu, acha. Tafuta kwanza kipoza kizuri.

2. Ingia BIOS, piga picha ya namba zote za mwanzo. Panda megahetzi 50 tu, usiguse voltaji. Pima tena.

3. Mashini ikiganda ao ikijizima, rudi nyuma hatua moja. Hapo njo mwisho wako. Kama utaongeza voltaji, ongeza kidogo sana, na kwa hii Ryzen mwanzilishi asipite volti 1,35.

4. Ikikataa kuwaka, usiogope. Chomoa umeme, toa ile betri ndogo ya mviringo kwenye karte-mere dakika chache, kisha irudishe. Namba za kiwanda zinarudi.

Umeme nao uangaliwe. Ukipanda na kushuka, mashini itajizima, na utafikiri kosa ni la mbio uliyoweka. Pima saa umeme umetulia. Na usibadilishe toleo la BIOS bila onduleri yenye betri nzima: umeme ukikatika katikati, karte-mere inaweza kufa.

Mbele ya yote, fungua mchezo na uangalie nani anachoka. Kama kadi ya picha iko 99 kwa mia na prosesa iko 50, kuharakisha prosesa hakutasaidia kitu. Kama una kipande kimoja tu cha memori, kuongeza cha pili cha aina moja mara nyingi kunaleta faida kubwa kuliko zile megahetzi, na bila kuongeza joto la prosesa. Kwa kompyuta ambayo nyumbani inaandika pia barua na kazi za masomo, anzia hapo.