Mistari ya Kilima: Somo la Ramani ya Kale

Mtu akifunuliwa ramani ya kale ya mabonde ya Masisi, kwanza huona mistari mingi ya hudhurungi ikizungukana kama nyuzi za kikapu, na mistari ya buluu ya vijito. Pengine hudhani ni mapambo. La! Kila mstari wa hudhurungi hupita mahali penye kimo kimoja. Iliyoachana yaonyesha uwanda. Iliyobanana yaonyesha mteremko mkali.

Tutoe mfano. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimeta moja ni mita 500 za ardhi. Tuseme toka mstari hadi mstari mna mita 20 za kimo. Basi mistari mitano ikibanana katika milimita mbili, ardhi yapanda mita 80 kwa mwendo wa mita 100. Hapo hata mbuzi hupita kwa hadhari.

Kwa nini twayasema haya? Kwa ajili ya Rubaya, kaskazini-magharibi ya Goma, inakochimbwa koltani. Humo hutolewa tantali, madini yatumikayo katika simu na kompyuta. Yakadiriwa kwamba yapata 15 kwa mia ya koltani ya dunia yatoka huko, nayo huchimbwa kwa sururu na nguvu za mikono. Mwezi wa Januari 2026, baada ya mvua, machimbo yaliporomoka. Watu zaidi ya 200 waliripotiwa kufa: wachimbaji, na pamoja nao watoto na wanawake wachuuzi.

Mteremko mkali ukinyimwa miti na kutobolewa mashimo hunywa maji ya mvua. Udongo huzidi uzito, hupoteza mshiko, kisha huteremka wote pamoja.

Ramani ya kale yatuonyesha miteremko na njia za maji, wala haionyeshi mashimo yaliyochimbwa baadaye. Kwa hiyo sharti iwekwe kando yake ramani mpya, ili ijulikane pasipofaa kuchimba wala kujenga kibanda.

Twajua kwamba mwenye njaa hangoji ramani. Ndiyo sababu mzigo huu wawaangukia kwanza wenye mamlaka na wanunuzi wa madini, ambao faida yao yatoka katika mashimo yale yale. Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwafundisha mistari ya kimo, msisinzie. Huenda siku moja mkamwambia baba au kaka: “Hapa tusichimbe.”